Pete ya Siku ya Mia

Duka lilikuwa jekundu kote. Kuta nyekundu, makabati mekundu, na juu ya huo wekundu mikufu ya dhahabu imening'inizwa safu juu ya safu, inameta kama dagaa wapya kwenye chanja. Mwanamke wa makamo aliyevaa nguo nyeusi alisimama mbele ya mizani akaomba pete ndogo kuliko zote zilizokuwamo. Muuzaji akamtolea tatu. Hakujaribu hata moja kidoleni. Alizitazama, akaiweka ya katikati kwenye kiganja, akakifumba kidogo, kisha akahesabu noti na kuondoka na kijaluba cha kitambaa chekundu.

"Ile haivai mtu, kaka," mwenyeji wangu aliniambia. "Inakwenda kuyeyushwa. Ni ya marehemu baba yake."

Tulikuwa Yaowarat, mtaa wa Wachina jijini Bangkok, ambako maduka ya dhahabu yamebanana mlango kwa mlango. Mwenyeji wangu ni mtu wa Tunduru. Yakuti samawi zilipoanza kuchimbwa kwa wingi kule kwao katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi kutoka Thailand walizifuata hadi machimboni. Yeye alijifunza biashara kwao, kisha akalifuata soko lilikoelekea. Leo anazunguka kati ya Bangkok na Chanthaburi, mji wa mashariki ambako mawe ya Afrika hukatwa, huchomwa ili rangi yake itulie, na kuuzwa. Yule mwanamke ni jirani yake, mama lishe mwenye kibanda cha supu chini ya ghorofa anamokaa. Mtaa mzima humwita Pa, neno ambalo kwa Kithai ni dada mkubwa wa baba au wa mama. Kwetu angekuwa shangazi au mama mkubwa, na wala asingekasirika kuitwa lolote kati ya hayo.

Dhahabu ya Thailand ina kipimo chake. Haipimwi kwa tola wala haitajwi kwa karati. Inapimwa kwa baht, neno lile lile la fedha yao, na baht moja ya mapambo ina gramu 15.16. Robo ya baht huitwa salueng. Usafi wake ni asilimia 96.5, nao haubadiliki kutoka duka hili hadi lile, ndiyo maana mtu hununua asubuhi na akiuza jioni hajadanganywa sana. Pete ya Pa ilikuwa nusu salueng, gramu 1.9 hivi. Baba yake alifariki katikati ya msimu wa mvua. Kwa desturi yao familia hukusanyika na kutoa sadaka siku ya saba, ya hamsini na ya mia, kama sisi tunavyohesabu arobaini. Siku ya mia ilikuwa inakaribia, na huko kijijini kwao, mkoa wa Udon Thani, hekalu lilikuwa linasubu sanamu ya Buddha. Pete ingeingia humo.

Nilimwomba mwenyeji wangu aniulizie kama ningeweza kufuatana nao. Pa alinitazama, akauliza kama ninaweza kula wali wa kunata kwa mkono. Nilipojibu kwamba kwetu wali wote huliwa kwa mkono, safari ikapita.

Nilikuwa na sababu yangu. Miaka michache nyuma ukoo ulinituma kwa sonara, Lindi mjini, nikiwa na bangili mbili za shangazi zimefungwa kwenye leso. Aliacha wasia: ziuzwe, na fedha yake ichimbe kisima cha msikiti wa mtaa, iwe sadaka ya kumfuata. Wasia haukuzidi theluthi ya mali, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Sonara alizikwaruza kwenye jiwe lake, akazipima, akataja bei. Bangili zile nilizisikia zikigongana tangu utotoni kila alipokanda unga, na sasa nilizisikia mara moja tu zikianguka kwenye sahani ya mizani, basi. Nilitoka pale nikajiuliza jambo ambalo sikumwambia mtu: dhahabu ya marehemu ikishageuzwa kitu kingine, marehemu anabaki wapi? Kisima kilichimbwa, dua ikasomwa, lakini swali lilibaki.

Kwa hiyo kabla ya treni ya kwenda kaskazini nilizunguka Bangkok nikiwa na swali hilo kichwani.

Hatua chache kutoka maduka ya Yaowarat lipo hekalu la Wat Traimit, na ndani yake sanamu ya Buddha ya dhahabu yenye uzito wa tani 5.5 na kimo cha mita 3 hivi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ya chokaa. Waliokuwa wakiitunza hawakujua walichonacho, mpaka mwaka 1955 walipokuwa wakiihamisha ikaanguka, chokaa ikapasuka, na kwenye ufa ukaonekana mng'ao. Wanahistoria wanaamini ilifunikwa kwa chokaa makusudi ili majeshi ya Burma yasiichukue wakati wa vita vya karne ya 18, na waliojua siri wakafa nayo. Umbo lake ni la zama za Sukhothai, mamia ya miaka nyuma. Tani tano na nusu za dhahabu hazitoki kwenye mfuko wa mtu mmoja. Lazima kulikuwa na watoaji wengi. Nilizunguka sanamu ile mara mbili nikiwawaza. Hapana hata jina moja lililobaki.

Wat Saket ni hadithi nyingine. Mwaka 1820 kipindupindu kiliingia Bangkok na inakadiriwa kiliua watu 30,000 hivi. Sheria ya wakati huo haikuruhusu maiti kuchomwa ndani ya kuta za mji, kwa hiyo waliofariki walitolewa kwa lango lililoitwa Lango la Mizimu na kupelekwa Wat Saket, nje kidogo ya ukuta. Walikuwa wengi kuliko kuni. Tai waliteremka, na tai wa Wat Saket wakabaki kwenye masimulizi ya mji hadi leo. Juu ya mahali hapo sasa kuna kilima kilichojengwa kwa mikono, na juu ya kilima kuba lililopakwa dhahabu ambalo huonekana kutoka mbali. Kila Novemba huvikwa kitambaa chekundu kirefu sana, na kabla hakijapandishwa watu huandika juu yake majina ya wazima wao na ya marehemu wao.

Nilifika siku ambayo kitambaa kilikuwa bado kimetandazwa chini. Kijana mmoja aliandika jina, akasogea hatua moja, akaandika jingine, akasogea tena. Aliandika saba. La saba alilirudia kwa kalamu mara tatu ili likolee.

Treni ya usiku iliondoka Bangkok tukiwa tumebeba mifuko ya vyakula kana kwamba tunahama. Pa hakulala kwenye kitanda chake cha juu. Alikaa dirishani na kijaluba kikiwa ndani ya fulana yake, kifuani, mahali ambapo bibi zetu huweka fedha. Alisimulia kidogo kidogo, na mwenyeji wangu akatafsiri. Baba yake alikuwa mkulima wa mpunga. Hakuwahi kuvaa dhahabu maishani. Dhahabu ya nyumba ile ilikuwa ya mama, na yote ilitolewa mwaka mmoja, ikaenda kwa babu mtawa.

"Babu mtawa gani?" nikauliza.

Akacheka kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa mwezi ni nini.

Jina lake kamili la utawa ni refu, lakini nchi nzima ilimwita Luang Ta Maha Bua, na luang ta maana yake ndiyo hiyo, babu mtawa. Alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Ban Tat, Udon Thani, akawa mwanafunzi wa Ajahn Mun, mtawa aliyefufua desturi ya kuishi na kutafakari msituni. Alirudi kwao akaanzisha makao ya watawa wa msitu, Wat Pa Ban Tat: vibanda vya mbao vilivyotawanyika chini ya miti, mlo mmoja kwa siku, peku asubuhi kwenda kupokea chakula vijijini. Angeweza kufa hivyo, mtu mashuhuri kwa waumini wa dini yake na asiyejulikana na wengine.

Tarehe 2 Julai 1997 serikali ya Thailand ilishindwa kuilinda sarafu yake na kuiachia. Dola moja ilikuwa baht 25. Kufikia Januari 1998 ilikuwa imevuka baht 50. Benki kuu ilikuwa imemaliza sehemu kubwa ya akiba yake ya fedha za kigeni ikipigania bei ambayo haikuweza kushikika. Mwezi Desemba 1997 kampuni 56 za fedha zilifungwa kwa siku moja. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limeongoza mkopo wa dola bilioni 17.2 pamoja na masharti yake. Wajenzi waliacha maghorofa yakiwa mifupa, na vijana wa mikoa ya kaskazini mashariki wakarudi kwao na mabegi.

Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 84, babu mtawa alitoka msituni akaomba dhahabu.

Namna alivyoiomba ndiyo kiini cha jambo hili. Aliita kampeni yake pha pa ya kulisaidia taifa. Pha pa ni kitambaa cha msituni. Hapo kale watawa wa Kibuddha hawakununua nguo. Waliokota vitambaa vilivyotupwa, na zaidi sanda zilizoachwa makaburini na kwenye mahali pa kuchomea maiti, wakazifua, wakazitia rangi ya magome, wakazivaa. Waumini wakaanza kuviacha vitambaa makusudi kwenye matawi ya miti ili watawa wavikute. Mpaka leo, katika mazishi ya Thailand, kitambaa huwekwa juu ya jeneza na mtawa hukichukua taratibu huku akisoma, na thawabu za kitambaa kile hupelekwa kwa aliyelala ndani. Babu mtawa hakubuni kitu kipya. Alichukua ibada ya sanda, iliyo ya zamani na inayojulikana na kila mtoto, akaiambia nchi nzima iiweke dhahabu yake mahali pa kitambaa. Aliyetoa kwa niaba ya mzazi aliyekufa alijua anafanya nini bila kuelezwa.

Sheria ya utawa inamkataza mtawa kupokea dhahabu na fedha kuwa mali yake, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Jibu lilikuwa kwamba dhahabu haikuwa yake wala ya hekalu. Ilikusanywa kwa jina la taifa, ikayeyushwa, ikasafishwa, ikafanywa matofali, ikakabidhiwa benki kuu ili ikae kwenye akiba inayosimama nyuma ya noti. Kampeni ilipofika mwisho, dhahabu iliyotolewa ilikuwa imefikia tani 12 hivi, pamoja na dola za Marekani zaidi ya milioni 10.

Mchumi atapiga hesabu na kutikisa kichwa. Kwa bei ya dhahabu ya mwaka 1998, tani 12 zilikuwa na thamani ya dola milioni 100 na kitu, haifiki hata asilimia 1 ya ule mkopo wa bilioni 17.2. Hesabu hiyo ni sahihi, nami sioni kwamba inafuta chochote. Tani 12 ni gramu milioni 12. Ukizigawa kwa pete za nusu salueng, unapata pete zaidi ya milioni 6. Nchi iliyokuwa imepoteza imani na mabenki yake, mawaziri wake na wataalamu wake ilimwamini mzee mmoja anayekula mara moja kwa siku kiasi cha kumpa vitu ambavyo mtu huvizika moyoni.

Kwa hiyo alivichunga. Mwaka 2000 serikali ilipotaka kubadili sheria ya sarafu ili kuunganisha hesabu za benki kuu, akiba ya noti iweze kuziba hasara nyingine, mtawa yule alisimama dhidi yake hadharani, kwa maneno makali ambayo hayakutarajiwa kutoka kwenye kinywa cha mtu wa kutafakari. Wafuasi wake wakawa naye. Jambo lile liliingiza utawa kwenye siasa, na wengi hawakulipenda. Mimi nalielewa kwa neno letu moja: amana. Dhahabu ile haikuwa mchango wa walipa kodi. Ilitolewa na wenye msiba, na aliyeipokea mbele yao alijiona ana deni kwa walio hai na kwa waliokwisha kuzikwa.

Tuliingia Wat Pa Ban Tat asubuhi, tukitokea stesheni ya Udon Thani, kilomita kama 16 kwa gari. Baridi ya Novemba ilikuwa inakata. Wenyeji walikuwa wamevaa makoti. Kuku wa mwituni walikimbia kati ya miti, hawaogopi mtu. Ndani ya ukuta wa makao yale hakuna mapaa ya kumetameta kama ya Bangkok. Kuna vumbi lililofagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana, na ukumbi wa mbao uliong'arishwa na miguu ya watu wengi. Watawa walipita kwa mstari, peku, macho chini, na wanakijiji wakatia matonge ya wali wa kunata kwenye mabakuli yao. Pa aliweka tonge moja, akagusisha mikono kwenye paji la uso, akabaki amepiga magoti muda mrefu kuliko wenzake.

Pale ukumbini mzee mmoja aliyekuwa akipanga mikeka alitaka kujua nimetoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, alikaa chini. Yeye ndiye aliyenipa kile ambacho takwimu haikunipa. Mama yake, alisema, alikuwa na mkanda wa fedha, ule mpana ambao wanawake wa kaskazini mashariki hufungia sarong siku za sherehe. Aliurithi kwa bibi. Alipofariki ndugu waligombana: huyu anataka uuzwe, yule anataka akabidhiwe bintiye. Siku moja dada yao mkubwa akauchukua akauleta hapa, pamoja na hereni za dhahabu za marehemu, akavitoa vyote kwa jina la mama, akarudi nyumbani mikono mitupu na kuwaambia, "Mama amekwisha kuchukua vyake."

"Ugomvi ukaisha?" niliuliza.

"Hapana, ilichukua mwaka," alisema. "Lakini ulikuwa ugomvi wa watu, si wa mkanda tena."

Luang Ta Maha Bua alifariki tarehe 30 Januari 2011, na umri wake ulikuwa miaka 97. Katika wasia wake aliagiza kwamba fedha na dhahabu zitakazotolewa kwenye mazishi yake zisijenge kitu cha kumtukuza. Zigeuzwe dhahabu na kupelekwa benki kuu. Alichomwa tarehe 5 Machi, na umati uliofurika kwenye mashamba ya mpunga yaliyokauka ulitoa kwa ajili yake kama watu walivyokuwa wametoa kwa ajili ya wazazi wao. Akawa naye ni marehemu ambaye dhahabu hutolewa kwa jina lake. Leo akiba ya dhahabu ya Thailand inazidi tani 200, na mahali fulani ndani yake imo ile ya mama yake mzee wa mikeka.

Nilimuuliza kama hajuti kwamba haijulikani ni tofali lipi.

"Tofali lolote," alisema.

Si kila sadaka hupata mchungaji wa namna hiyo, na itakuwa uongo kuiacha picha ikiwa nzuri tupu. Miaka ya karibuni magazeti ya Thailand yameandika mara kwa mara habari za viongozi wa mahekalu waliokamatwa kwa tuhuma za kujichotea fedha za waumini. Pa mwenyewe aliligusia jambo hilo kwenye gari, akiangalia nje. Alisema ndiyo maana hatoi noti tena. Anatoa kitu anachoweza kukiona kikiingia motoni.

Hekalu la kijiji chao ni dogo, lina ua wa udongo mwekundu na mti mmoja mkubwa wa mpipal, aina ile ile ambayo Wabuddha wanaamini Buddha aliamkia chini yake. Mafundi wa kusubu walikuwa wamefika siku tatu kabla. Sanamu huchongwa kwanza kwa nta, ikavikwa udongo tabaka juu ya tabaka, halafu kalibu yote hupinduliwa kichwa chini miguu juu na kuchomwa hadi nta iyeyuke na kutoka. Kinachobaki ndani ni utupu wenye umbo la Buddha. Shaba iliyoyeyuka humiminwa mahali ilipokuwa nta.

Uzi mweupe wa pamba ulikuwa umefungwa kutoka kwenye sanamu kuu ya hekalu, ukapita mikononi mwa watawa tisa, ukazunguka tanuri, kisha ukagawanyika kama wavu juu ya vichwa vyetu, na kila aliyeketi alivuta ncha moja na kuizungusha kichwani mwake. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba uzi huo huo ndio hutumika msibani, ukitoka kwenye jeneza hadi kwa watawa wanaosoma. Siku ile ulitoka kwa Buddha na kupita motoni.

Kwenye meza ya mbao yalikuwapo mabati membamba, mengine ya rangi ya dhahabu, mengine ya fedha, hayazidi ukubwa wa jani la mwembe, na kalamu zimefungwa kwa kamba zisipotee. Watu waliandika majina. Wengi waliandika ya marehemu. Bibi mmoja asiyejua kuandika alimtajia mjukuu, mjukuu akaandika, bibi akalipokea bati na kulisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, ingawa hazijui.

Pa aliandika la baba yake. Akachukua la pili akaandika la mama. Kisha akachukua la tatu, tupu, akanipa mimi.

"Anauliza kama una wako," mwenyeji wangu alisema.

Nililishika. Lilikuwa jepesi sana, lilitetemeka kwa pumzi tu. Nilimwambia ninaye shangazi, lakini sisi hatufanyi kwa njia hii, na kwamba dhahabu yake ilikwisha kutolewa. Akataka kujua ilikwenda wapi. Nikamsimulia habari za bangili mbili, sonara na kisima. Mwenyeji wangu alitafsiri polepole, na nadhani aliongeza ya kwake, maana alichukua muda mrefu kuliko maneno yangu. Pa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Kina maji?"

Nikasema kina maji hata kiangazi, na kwamba wanawake wa mtaa wa pili nao huja kuchota. Akaitikia kwa kichwa, akalichukua bati tupu kutoka mkononi mwangu bila kinyongo, akalirudisha mezani.

Saa iliyochaguliwa na mnajimu ilipofika, watawa walianza kusoma kwa sauti ya chini na mafundi wakafunua vyungu vya kuyeyushia. Joto lilitupiga usoni kutoka hatua kumi. Shaba ilikuwa imekuwa maji, rangi ya papai lililoiva. Watu walipita mmoja mmoja; wengine walitupa mabati, wengine mikufu, mtoto mmoja alitupa sarafu na kukimbia kurudi kwa mama yake. Bati likiingia halizami mara moja. Hujikunja kwanza, jina likaonekana kwa kufumba na kufumbua, kisha halipo.

Pa alitoa pete kwenye kijaluba, akaishika kati ya viganja vyake viwili vilivyokutana mbele ya uso, midomo ikatikisika, akaiachia. Sikusikia sauti yoyote. Gramu 1.9 ndani ya chungu ambacho fundi alisema kina shaba ya kilo 200: sehemu moja katika laki moja na ushei. Hakuna atakayeweza kuitoa tena, hata mwizi, na rangi ya sanamu haitabadilika kwa ajili yake. Alisimama pale hadi fundi alipomgusa kiwiko asogee. Mafundi walikinyanyua chungu kwa vyuma virefu, wakamimina, na moshi mweupe ukatoka kwenye matundu ya kalibu, yaani pale ilipo miguu ya Buddha.

Baada ya hapo ulibaki utaratibu mmoja. Kila familia ilipewa gudulia dogo la shaba na kikombe. Watawa waliposoma dua ya kufikisha thawabu, mkubwa wa familia alimimina maji kutoka guduliani hadi kikombeni, mkondo mwembamba usiokatika, na nduguze wakamgusa bega au kiwiko, na waliokuwa nyuma wakawagusa wao, hadi familia nzima ikawa imeshikana. Bila maji hayo, wanasema, thawabu hubaki kwa aliyetoa; maji ndiyo huifikisha kwa marehemu. Kisha kikombe hakimwagwi ovyo. Hupelekwa nje, kwenye mti.

Pa alinikuta kivulini karibu na mpipal. Kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni na alikuwa anatembea kwa uangalifu asipoteze tone. Alichuchumaa penye shina, akamwaga nusu, akitaja jina la baba yake. Akatulia. Akamgeukia mwenyeji wangu akamwambia neno.

"Anataka umtajie tena jina la shangazi."

Nililitaja. Alilijaribu, likamshinda katikati, akanitazama, nikalirudia silabi kwa silabi kama mtu anayemfundisha mtoto. Mara ya tatu alilitamka karibu sawa. Akamwaga nusu iliyobaki, taratibu, na udongo ule mwekundu uliokuwa mkavu tangu mvua zilipokatika ukayanywa pale pale.